Pipa Ambalo Sikuliandika

Alhamisi, alasiri. Mwezi wa saba, 1956.

Manyunyu ya kusi yameanza tangu asubuhi na hayajakatika. Bati la ofisi linavuja pale pale linapovuja kila mwaka, juu ya kabati la mafaili, nami nimetega sufuria. Kengele ya kutoka kazini imeshalia, wakata miwa wamepita na mapanga yao begani, na mimi nimebaki. Nimemwambia bwana meneja kwamba nina orodha ya kumaliza. Sina orodha yoyote.

Nina daftari hili, nina furushi lililofungwa kwa kanga kuukuu, na nina kipande cha karatasi chenye tundu katikati.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Miaka tisa nimekaa kwenye meza hii ya ukarani, na ni mwandiko wangu ulionileta hapa. Shamba zima la miwa, kutoka hapa mpaka kule mtoni, hakuna mtu mwenye herufi kama zangu. Watu huja kuniandikisha barua za posa. Mtu akifa, mimi ndiye ninayeandika taarifa kwa sababu, wanasema, Salimu anajua kuliweka neno. Nami nilikuwa nikijisikia, wallahi, nilikuwa nikijisikia sana.

Bakari alikufa mwezi wa pili, siku ya Ijumaa. Alikuwa mkata miwa, mtu mrefu, mpole, mwenye mzaha wa chini chini. Alikuwa akiniita Kadhi kwa sababu ya miwani yangu. Amemwacha mkewe Riziki na watoto watatu, na mama yake, Bi Mwanakombo, ambaye hana mtoto mwengine aliye hai.

Hapa shambani tuna mapatano ya zamani baina ya bwana meneja na wazee wetu. Ijumaa, kuanzia saa sita mpaka saa nane, hakuna kazi. Lori linawachukua wanaotaka kuswali mpaka msikiti wa Msambweni, kisha linawarudisha. Saa mbili hizo si za shamba. Hata nyapara akikutana nawe njiani hakuulizi neno. Wazee waliyapigania mapatano hayo kabla mimi sijaja, na kila mtu hapa anayaheshimu.

Mimi ndiye niliyeyavunja.

Siku ile pampu ya maji ilikuwa imebakiwa na mafuta kidogo mno, na pipa letu lilikuwa limeshateremshwa na basi la kutoka Likoni, limewekwa kwenye duka lililo karibu na msikiti. Nikaona: lori linakwenda kule kule, litarudi bila mzigo, kwa nini liende mara mbili? Nikakata karatasi, nikaandika cheti cha kuchukua pipa moja la mafuta ya mashine, nikatia tarehe, nikatia sahihi. Nikampa Bakari kwa sababu alikuwa mbele. Nikamwambia, mkishaswali, pitieni hapo dukani mlipakie. Akacheka. Akasema, "Kadhi leo ametoa hukumu Ijumaa." Kisha akakikunja cheti, akakitia mfukoni mwa kanzu, akapanda.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyasikia kila siku tangu siku ile.

Wakaswali, wakapakia pipa. Kamba haikuwepo, maana lori lilitoka kuchukua watu, halikutoka kuchukua mzigo. Bakari akakaa nyuma akalizuia pipa kwa miguu yake. Kwenye mteremko wa kushukia mtoni Mwamadi, dereva wetu, akashika breki kwa ajili ya ng'ombe, pipa likabiringika, bao la kufungia nyuma likafunguka, pipa likaanguka pamoja naye. Alifia njiani, kabla hawajamfikisha hospitali.

Jioni ile nikaandika taarifa. Sentensi yenyewe naijua kwa moyo: "Marehemu Bakari alikuwa anarejea kutoka kuswali Ijumaa, akiwa amepanda lori pamoja na wenzake, bao la nyuma lilipofunguka akaanguka." Niliisoma mara mbili nikaiona ni nzuri. Nilimsomea Mwamadi, naye akatia kidole gumba. Waliokuwemo ndani ya lori nao walisikia, wakanyamaza.

Sitaki kuwalaumu. Kwetu maiti husitiriwa. Mtu akifa, watu humtafutia lile jema wakalishika, mengine wakayafunika pamoja naye. Na jema gani lililo kubwa kuliko hili, mtu kufa Ijumaa, udhu bado mwilini, anatoka msikitini? Wote waliona nimemsitiri Bakari na nimemfariji mama yake. Matangani watu walimwambia Bi Mwanakombo, "Mwanao kafa kifo chema," naye akawa anaitikia, "Alhamdulillahi." Nilipita nikamsikia mwenyewe. Nilijiona nimetenda wema.

Pipa sikuliandika. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya mama.

Si kweli yote. Kama ningeliandika pipa, ingebidi niandike nani aliyetoa cheti, na saa ngapi.

Shamba lina bima mbili. Moja ni ya lori, nyengine ni ya wafanyakazi, kila moja na kampuni yake, na barua zote hupita mkononi mwangu. Mwezi wa tatu tuliandikia bima ya lori, kwa kuwa ajali ilikuwa ya lori. Hata mtoto angeliona hivyo. Jibu lao lilikuwa fupi. Bima ya lori, walisema, inamwangalia mtu wa nje: aliyegongwa njiani, mwenye ukuta uliobomolewa, mwenye ng'ombe. Mfanyakazi wa mwenye lori, akiumia ndani ya kazi ya mwenye lori, si mtu wa nje, na bima yake ni ile ya wafanyakazi. Na ikiwa hakuwa kazini, basi alikuwa abiria, na lori hili limekatiwa bima ya kubeba mizigo, halikukatiwa ya abiria.

Tukaandikia bima ya wafanyakazi. Hao nao wakajibu: kwa mujibu wa taarifa yenu wenyewe, marehemu alikuwa anatoka msikitini, katika saa zake mwenyewe, amepanda lori kwa hisani tu. Hakuwa kazini. Bima yetu inamlipia aliyeumia kwa kazi na katika kazi.

Mwamadi aliposikia alisema, "Wamemfanya popo, si ndege si mnyama." Alisema akiangalia chini.

Waliomfanya popo si wao. Walisoma nilichoandika.

Nikajitia hamnazo. Riziki alikuwa ndani ya eda, hatoki, hakai na wanaume wa kando, nani atamhoji? Nikajiambia, acha kwanza eda iishe, mambo haya hayafai kuchokorwa mjane akiwa bado amekaa. Miezi minne na siku kumi nilijificha nyuma ya eda ya mwanamke. Nikikutana na watoto wake njiani nilikuwa nikiwapa miwa, na nikienda zangu nikihisi nimelipa kitu.

Eda imekwisha wiki iliyopita.

Na Jumatatu wakala wa bima ya wafanyakazi akaja mwenyewe kutoka Mombasa, mtu mzima, mtaratibu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alikuja kusikiliza mara ya mwisho kabla ya kulifunga faili. Alikaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, akaweka kofia juu ya goti. Akaniambia, "Karani, mimi nafuata yaliyoandikwa. Nikifuata machozi, kampuni haitakaa mwaka. Lakini nimekuja kwa sababu nina shaka. Lori la kwenda kuswali ni hisani, hilo limekwisha. Ila kama mtu huyu alikuwa ametumwa, amebeba hata jembe moja la shamba, mimi nitakuwa na neno la kuwaambia wakubwa wangu. Ndani ya lori mlikuwa na nini?"

Nikasema, "Watu tu."

Nilisema hivyo, daftari. Hakuna aliyenishika shingo. Mtu amenifungulia mlango wazi, nami nikaufunga kwa mkono wangu. Akaandika. Akasema anakwenda Kwale kwa shughuli nyengine, atapita tena Ijumaa saa tatu asubuhi kuchukua sahihi ya bwana meneja, kisha faili lifungwe.

Jumanne nikapata habari kwamba ndugu zake Riziki wanakuja Jumapili kutoka Kibuyuni kumchukua yeye na watoto. Wana haki. Hapa atakula nini? Tangu eda iishe anakuna nazi za watu kwa ujira. Bi Mwanakombo ana mkeka wake na kuku wanne. Alimpoteza mtoto mwezi wa pili, na Jumapili wajukuu watatu watapanda gari mbele ya macho yake, na sababu ni sentensi yangu nzuri.

Sikulala vizuri. Jana saa sita nikaenda Msambweni, kwenye lile duka.

Mwenye duka hutunga vyeti vyote vya shamba kwenye msumari mrefu uliopigiliwa ukutani. Nilikuwa nikijua. Kwa miezi mitano nilikuwa nikijua kwamba cheti changu kiko pale, na nilikuwa nikijiambia pengine panya wamekila. Nikamwomba aniteremshie vya mwezi wa pili. Akaviteremsha bila kuuliza, nikachambua. Kilikuwepo. Mwandiko wangu, herufi zangu nzuri, tarehe, sahihi. Na pembeni alama ya kidole cha Bakari kwa wino wa dukani, kuonyesha amepokea pipa kwa niaba ya shamba.

Kwa niaba ya shamba. Hakuna bima duniani itakayosema mtu huyo hakuwa kazini.

Nikaomba nikichukue. Mwenye duka akasema, "Chukua, Bwana Salimu, ni chako." Nilipofika nje nilikiangalia, na naandika hapa kwa kuwa nimeapa leo sitaficha kitu: nilifikiri kukichana. Mkono ulikuwa tayari. Bwana meneja aliyatia sahihi yale mapatano ya wazee kwa mkono wake, na kazi yangu iko mikononi mwake, na nyumba ninayolala na watoto wangu ni ya shamba. Nilisimama pale kivulini mwa duka na cheti vidoleni, nikahisi aibu kama mtu aliyevuliwa nguo. Kisha nikakitia mfukoni.

Leo adhuhuri nikaenda kwa Bi Mwanakombo. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa mtu mwengine kwamba kile kifo chema nilikikata nikakishona upya.

Alikuwa barazani anasuka ukili. Riziki alikuwa uani, nilikuwa nikisikia mbuzi ya nazi ikikwaruza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikakaa. Nikaeleza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanipotea, nikaeleza ovyo ovyo kama mtoto aliyevunja mtungi. Pampu, cheti, pipa, kamba ambayo haikuwepo. Taarifa. Wakala wa bima, na "watu tu." Nikaweka cheti juu ya mkeka. Yeye hajui kusoma, lakini aliangalia ile alama ya kidole muda mrefu. Uani kule mbuzi ya nazi ilikuwa imenyamaza.

Hakulia. Aliendelea kusuka kidogo, kisha akauweka ukili chini.

"Salimu, ile kanzu ulinirudishia wewe mwenyewe, umeikunja. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Niliifua kwa sabuni ya mche mara tatu. Damu ilitoka. Mafuta hayakutoka." Akaniangalia usoni. "Msikitini kuna mafuta ya mashine?"

Akauokota tena ukili.

"Nilijua mwanangu alikuwa na kazi mkononi. Tangu siku ile ile ya kufua nilijua. Nikangoja mtu wa kuniambia. Wakaja watu, wakala wali wa arubaini, wote wananiambia kafa kifo chema, nami naitikia. Nilikuwa nawasitiri nyinyi."

Lahaula. Miezi mitano nadhani ninamsitiri mwanawe, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitusitiri sisi.

Nikamwambia ninaogopa kwamba nikiandika habari ya pipa nitamwondolea lile jema. Watu watasema Bakari alikufa akibeba mafuta.

"Kuswali aliswali," akasema. "Hilo hukulitia wewe kwa kalamu yako, wala huwezi kulitoa. Lina Mwandishi wake. Wewe kaliandike la pipa. Hilo ndilo lako."

Nikataka kumwomba radhi. Nikainama, nikaanza, akanyanyua mkono.

"Leo usiniombe. Leo sina. Umeniacha miezi mitano, mpaka mkwe wangu anakuna nazi za watu, na wajukuu wangu wanapewa miwa njiani. Ukishaandika, njoo. Nitaona kama nitakuwa nayo."

Riziki alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake myeupe kwa tui. Hakunilaani. Ningependa angenilaani. Aliuliza, "Kaka Salimu, bwana wa bima anaondoka lini?" Nikasema kesho, anapita ofisini saa tatu. Akasema, "Basi nitawapelekea ndugu zangu ujumbe wangoje kwanza." Akaingia ndani, akatoka na furushi hili, akaliweka mbele yangu. Sikuhitaji kuuliza ni nini.

Sasa liko hapa mezani. Sijalifungua. Harufu yake naisikia hata hivyo, ya sabuni, na chini ya sabuni ile nyengine.

Taarifa nimeshaiandika upya. Ni mbaya. Haina sentensi hata moja ambayo mtu angeniita kuisoma kwa sauti. Inaanza hivi: "Siku ile ya Ijumaa, ndani ya saa za mapatano, mimi karani nilimtuma marehemu Bakari kuchukua pipa la mafuta ya shamba. Katika taarifa yangu ya kwanza nilificha jambo hili. Jumatatu nilipoulizwa nilisema uwongo." Nimeweka nakala ya bwana meneja juu ya meza yake, chini ya jiwe, ataiona akiingia saa moja. Cheti na kanzu nitampa wakala mkononi mwake.

Atakubali? Nadhani atakubali, nilimwona Jumatatu, alikuwa akitafuta jambo la kushika. Lakini pengine wakubwa wake watasema, karani aliyedanganya mara mbili, kwa nini tumwamini mara ya tatu? Watakuwa na haki ya kuuliza. Ndiyo maana nimeshukuru kwamba mwenye duka ana msumari, na kwamba Bi Mwanakombo hakuweza kuyatoa yale mafuta.

Mke wangu bado sijamwambia. Nitamwambia nikifika, tukishakula, kabla watoto hawajalala. Kama kesho mchana tutafunga virago, afadhali ajue leo avifunge vizuri.

Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wakubwa. Mimi nilificha kifo chenyewe, nikaumbuliwa na kanzu.

Manyunyu yamepungua. Sufuria imejaa, naisikia inamwagika. Ngoja niimwage niende.

Kesho ni Ijumaa. Saa sita lori litawapeleka watu kuswali, nami, niwe bado karani au nisiwe, nitapanda nyuma pamoja nao. Hakuna atakayekuwa na cheti mfukoni. Saa nane litarudi, na ndani yake kutakuwa na watu tu.